Bageti ya Senti 29 na ya Euro 1.30: Ipi Rahisi?

Katika mtaa mmoja wa Paris, pasipo hata kuvuka barabara kubwa, mnunuzi hukuta bageti za bei nne. Ya kwanza ni ile ya supermaketi inayowekwa kama chambo. Januari 2022 maduka ya E.Leclerc yaliishusha hadi senti 29, na vyama vya waokaji, wasagaji na wakulima vikapinga kwa sauti moja kwamba bei hiyo inadharau kazi ya kila aliyeushika mkate huo njiani. Ya pili ni bageti ya kila siku ya supermaketi, iliyokandwa kiwandani, ikagandishwa, kisha ikamaliziwa kuokwa dukani, ambayo huuzwa kati ya senti 45 na 65. Ya tatu ni bageti ya kawaida ya bekari, karibu euro 1. Ya nne inaandikwa ubaoni "tradition", na Paris huenda kati ya euro 1.20 na 1.50. Kwa mbali zote zinafanana: ndefu, nyembamba, rangi ya kahawia, zimekatwa kwa wembe mgongoni.

Aliyekulia Bukavu, Goma au Bujumbura hababaiki sana, kwa kuwa mkate mrefu ameuzoea tangu utoto na anajua kuwa hununuliwa asubuhi ukaliwa asubuhi. Aliyetoka Tanga, Mombasa au Dar es Salaam amezoea mkate wa slesi ndani ya mfuko wa plastiki, wenye mafuta na sukari kidogo, unaokaa kabatini siku nne au tano ukiwa laini vilevile. Akiichukulia bageti kwa mazoea hayo atapoteza pesa. Bageti haina mafuta, haina sukari, ni nyembamba, na ganda lake ni kubwa ukilinganisha na sehemu laini ya ndani. Huanza kubadilika saa chache tu baada ya kutoka ovenini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize kipande cha mwisho kitaliwa na nani, na saa ngapi. Jibu la hapo ndilo linaloamua mkate upi ni rahisi kwako.

Tuanze na mizani. Bageti nyingi zina karibu gramu 250, lakini uzito hutofautiana duka kwa duka, na nyingine ni nyepesi zaidi bila mnunuzi kujua. Usilinganishe bei ya bageti kwa bageti; tazama bei ya kilo, ambayo maduka ya Ufaransa huiandika kwenye kibao pamoja na bei ya mkate mzima. Kwa gramu 250, bageti ya senti 29 ni euro 1.16 kwa kilo. Ya senti 55 ni euro 2.20. Ya euro 1 ni euro 4, na "tradition" ya euro 1.30 ni euro 5.20. Tofauti ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya mara nne, na kwa mtu anayehesabu kila euro hilo si jambo la kupuuza.

Sasa mchukue mwanafunzi anayeishi peke yake, anayekula gramu 150 za mkate kwa siku. Akinunua bageti ya kawaida ya bekari kila asubuhi na kutupa kilichobaki jioni, amelipa euro 1 kwa gramu 150. Hiyo ni zaidi ya euro 6.60 kwa kila kilo aliyoila. Akinunua "tradition", akala gramu 150 leo na kesho yake akaupasha moto ule uliobaki, hakuna kilichotupwa, na kilo yake imebaki euro 5.20. Mkate ulioandikwa bei kubwa umekuwa nafuu kuliko ule wa bei ndogo. Na ipo njia nyingine ambayo wageni wengi huionea haya: kuomba nusu. Bekari nyingi hukata bageti katikati bila kununa, kwa bei inayozidi kidogo nusu ya ile nzima. Kwa anayekula peke yake nusu ya leo na nusu ya kesho ni bora kuliko bageti moja ya siku mbili.

Lakini hesabu iende mpaka mwisho kwa haki. Bageti ya senti 29, hata mwanafunzi yule akitupa gramu 100 zake kila siku, bado imemgharimu chini ya euro 2 kwa kilo. Ule msemo kwamba rahisi ni ghali hausimami hapa. Mama wa watoto wanne anayepika maharage ya nazi na kuweka bageti tatu mezani, zikaisha kabla sufuria haijapoa, ana sababu nzuri ya kununua za supermaketi. Mkate wake hausubiri kesho na utalowekwa kwenye mchuzi mzito. Nisichokubali ni mtu huyo huyo kununua sita kwa sababu tu ni rahisi, kisha tatu zikageuka fimbo jikoni.

Anayeongeza senti 30 juu ya bageti ya kawaida ili apate "tradition" ananunua kitu kilichoandikwa katika sheria. Amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 13 Septemba 1993 inasema mkate wenye jina hilo haugandishwi katika hatua yoyote ya kuutengeneza na hautiwi viongezi. Unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu, basi. Kinachoruhusiwa zaidi ni kiasi kidogo cha unga wa maharage ya fava, usiozidi asilimia 2, wa soya, usiozidi nusu ya asilimia, na wa kimea cha ngano, asilimia 0.3. Bageti ya kawaida haibanwi hivyo. Inaweza kutiwa asidi askobiki, iliyo kwenye orodha ya viambato kama E300, na gluteni ya kuongeza, ili kinyunga kivumilie mashine na kiumuke upesi.

Upesi huo ndio ulioharibu mkate wa Ufaransa baada ya vita. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 waokaji walipata mashine za kukanda kwa kasi, kinyunga kikajaa hewa, mkate ukatoka mkubwa na mweupe kama pamba, na ladha ikapotea. Raymond Calvel, mwalimu wa uokaji aliyefundisha Paris kwa miaka mingi, alipigana na mkate huo. Mwaka 1974 alieleza njia ya kuchanganya unga na maji peke yake, kuuacha mchanganyiko upumzike, ndipo chumvi na hamira vifuate. Kinyunga kilichopumzika hakihitaji kuteswa na mashine, na rangi ya unga hubaki. "Tradition" nzuri imerithi mafunzo hayo. Hutiwa maji mengi zaidi, hukandwa polepole, na mara nyingi kinyunga hulala usiku kucha kwenye ubaridi. Muda huo mrefu wa kuumuka ndio unaoleta harufu inayokaribia ya njugu na siagi, na ule unyevu wa ndani ndio unaoiwezesha kuliwa kesho yake. Bei ya senti 30 za ziada, kwa kweli, ni bei ya muda.

Usidhani kuwa bora ndiyo ghali. Tangu 1994 jiji la Paris hushindanisha "tradition" za waokaji wake kila mwaka. Mshindi hupata euro 4,000 na heshima ya kupeleka mkate Ikulu ya Élysée kwa mwaka mzima. Djibril Bodian, mwokaji mwenye asili ya Senegali, alishinda mwaka 2010 akiwa katika bekari ya mtaa wa Abbesses, kisha akashinda tena 2015. Mwaka 2023 ushindi ulikwenda kwa Tharshan Selvarajah, aliyetoka Sri Lanka. Bageti za washindi kwa kawaida huuzwa kwa bei ile ile ya jirani zao, kwa hiyo mwenye mkoba mwepesi anaweza kula mkate wa rais bila kukopa. Novemba 2022 UNESCO nayo iliingiza ufundi na utamaduni wa bageti katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni ya ufundi, na haimaanishi kila bageti unayokutana nayo imeustahili.

Sasa, dukani. Kwanza soma jina la duka. Tangu sheria ya Mei 1998, neno "boulangerie" haliruhusiwi mlangoni kama kinyunga hakikandwi, hakiumuliwi, hakiundwi na hakiokwi na mwokaji mwenyewe, au kama kimegandishwa. Duka linalopasha tu vinyunga vya kiwandani lina jina jingine, hata kama limepambwa kwa vikapu na masuke ya ngano. Hilo halina maana kuwa mkate wake haufai. Lina maana kuwa usilipe bei ya bekari.

Kisha tazama mkate wenyewe. Rangi iwe ya dhahabu inayoelekea kahawia, isiwe ya manjano iliyopauka. Wafaransa wengi huomba isiyoiva sana, nami naona wanajinyima, kwa kuwa ganda lililoiva vizuri ndilo lenye ladha. Mikato ya wembe iliyofunguka na kingo zake kunyanyuka ni dalili ya kinyunga chenye nguvu. Bonyeza kidogo: ganda lilie, mkate urudi mahali pake. Ukikata nyumbani, ndani kuwe na rangi ya krimu na matundu makubwa kwa madogo yasiyo na mpango; weupe mkali na vitundu sawasawa ni alama ya haraka. Ugeuze pia uone tumbo lake. Vidotidoto vilivyopangwa kama wavu vinatokana na trei yenye matundu, ambayo viwanda hupenda, lakini wapo waokaji hodari wanaoitumia, basi usimhukumu mtu kwa hilo peke yake.

Jambo la saa lina uzito kuliko yote hayo. Bekari nyingi huoka zaidi ya mara moja kwa siku. Bageti iliyotoka ovenini saa 11 jioni, unapopita ukitoka kazini, itakuwa nzuri usiku na bado yenye nafasi asubuhi. Ile iliyookwa alfajiri ukainunua jioni imekwisha kabla hujafika nayo nyumbani. Uliza ipi imetoka sasa hivi. Hakuna mwokaji anayechukizwa na swali hilo.

Kwa nyumba ya watu wawili wanaokula mkate kidogo kidogo, mimi ningeiacha bageti kabisa kwa siku za kazi na kununua mkate mkubwa wa chachu. Duka la Poilâne la mtaa wa Cherche-Midi, lililofunguliwa 1932, lilijenga jina lake kwa mkate mmoja wa duara wa karibu kilo 2, unaouzwa pia kwa nusu na kwa robo. Bekari nyingine nyingi hukata mkate wa namna hiyo kwa uzito. Kilo yake ni ghali kuliko ya bageti, mara nyingi euro 6, 7 au zaidi, lakini uchachu wake huchelewesha ukungu na umbo lake nene hutunza unyevu, hivyo gramu 500 hukaa siku nne au tano bila kutupwa hata ukoko. Kwa mtu mwenye safari moja tu ya dukani kwa wiki hakuna mkate wenye hesabu nzuri zaidi.

Mambo mawili ya afya na dini nisiyaache. Chumvi: kwa makubaliano yaliyotiwa saini 2022, waokaji wa Ufaransa walikubali kuishusha katika mkate wa kawaida hadi gramu 1.4 kwa kila gramu 100 kufikia Oktoba 2023. Hata hivyo bageti nzima ina karibu gramu 3.5, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote. Mwenye presha ale nusu. Na kwa Muislamu, "tradition" haina shaka, kwani sheria yenyewe imetaja vilivyomo. Uliza kuhusu mikate iliyojazwa, maana neno "lardons" kwenye kibao ni vipande vya nguruwe.

Kuhifadhi kunakosewa na wengi kwa sababu moja: friji. Mtu huona chakula kinaharibika, anakitia kwenye ubaridi, na kwa mkate amefanya kinyume. Mkate haugeuki mgumu kwa kupoteza maji tu. Wanga uliolainika kwenye joto la oveni huanza kujipanga upya na kushikana unapopoa, na hilo hutokea hata kama umeufunga mkate usipoteze tone. Kujipanga huko huenda kasi zaidi kwenye ubaridi wa friji, juu kidogo ya nyuzi 0. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, karibu kunasimama. Na joto likipita nyuzi 60 hivi, wanga hulegea tena. Ndiyo maana bageti ya jana iliyo ngumu hufufuka ovenini, lakini kwa muda mfupi tu: ikipoa tena inakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo bageti ya leo iache kwenye karatasi yake au ifunge kwa kitambaa cha pamba, na upande uliokatwa uulaze chini juu ya ubao. Plastiki hulainisha ganda likawa kama ngozi na siku mbili baadaye huleta ukungu. Kinachozidi, kigandishe siku ile ile uliyonunua, si kesho yake baada ya kukata tamaa. Kata vipande vya urefu wa kiganja, vifunge vizuri, toa hewa, na viliwe ndani ya wiki tatu au nne, kwa kuwa vikikaa sana ganda huanza kujibandua. Vikitoka kwenye friza vipitishe haraka chini ya bomba, kisha moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 6 hadi 8. Oveni ikiwashwa kwa robo saa au zaidi kidogo, pamoja na kupata moto, hula kama nusu yuniti ya umeme, na kwa bei ya Ufaransa ya mwaka 2025, karibu senti 20 kwa yuniti, ni senti 10. Basi pasha vipande vya watu wote kwa mara moja. Kuwasha oveni kwa kipande kimoja kunakula akiba yote ya bageti rahisi. Anayeishi chumba kisicho na oveni atumie kikaangio kikavu chenye mfuniko: nyunyizia maji, moto mdogo, dakika 3 kila upande. Maikrowevu ni ya dharura, na mkate wake uliwe hapo hapo kabla haujawa mpira. Ukungu ukionekana hata sehemu ndogo, tupa mkate wote. Kukwangua hakutoshi, kwa sababu mizizi yake imekwishapita ndani.

Kuoka mwenyewe kunawezekana na hesabu yake ni ya kuvutia. Unga wa ngano ulioandikwa T65 kwenye pakiti gramu 500, maji mililita 340, chumvi gramu 9 na kijiko cha chai kisichojaa cha hamira hutoa bageti tatu. Changanya jioni, acha kinyunga kilale kwenye friji, asubuhi kiunde, kikae saa moja, kisha oveni ya nyuzi 250 yenye trei ya maji ya moto chini, dakika 20 hivi. Unga, hamira na umeme kwa pamoja huiweka bageti moja karibu na senti 40. Usiku mzima wa kuumuka unaupata bure, jambo ambalo bageti ya kiwandani haina. Gharama yake ni asubuhi yako, na kwa mzazi mwenye zamu ya saa 12 alfajiri asubuhi hiyo haipo.

Tufike jikoni na kiporo. Bageti iliyolala ni kiungo kizuri kuliko ile mpya kwa vyakula vingi, kwa sababu hunywa bila kuvurugika. Supu ya vitunguu ya Wafaransa haipikiki na mkate laini. Kwa watu wanne katakata vitunguu kilo 1, vikaange kwa siagi gramu 50 kwenye moto mdogo dakika 40, uvikoroge mpaka viwe rangi ya asali iliyokolea. Hapo ndipo penye supu yote, usiharakishe. Nyunyizia kijiko cha unga, mimina supu ya ng'ombe lita 1 na robo, ichemke polepole nusu saa. Igawe kwenye bakuli, weka slesi za bageti iliyokauka juu yake, funika kwa jibini la Comté au Emmental gramu 150, tia ovenini moto wa juu mpaka jibini lichemke na kuungua kidogo pembeni. Jibini ndilo ghali hapo; mkate na vitunguu ni fedha ndogo sana.

Kwa asubuhi ya Jumapili, piga mayai 2 na maziwa mililita 250, sukari kijiko kimoja na nusu, na iliki iliyosagwa badala ya vanila. Chovya slesi nene za bageti ya jana, ziache mpaka zilowe katikati, kaanga kwa siagi. Slesi za mkate laini wa duka hukatika mkononi; za "tradition" hushikilia, na ukoko wake hubaki na kitu cha kutafuna. Ukiwa na tui, weka nusu ya maziwa na nusu ya tui.

Na kwa kababu za kima, loweka gramu 70 za ndani ya bageti kwenye maji, kamua, kanda na nusu kilo ya kima, kitunguu, dania, pilipili na tangawizi. Mkate hushika maji ya nyama na kababu hazikauki. Maganda yaliyobaki usiyatupe. Yakaushe kwenye oveni unayoizima baada ya kupika kitu kingine, yasage kwa kinu au mashine, yatie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Hizo ndizo chenga za kuzungushia katlesi. Dukani huuzwa kwa pakiti, na bei yake kwa kilo mara nyingi inapita ya bageti nzima ya supermaketi.